Bangi na Dola, Kutoka Ibo Hadi Ruvuma

Mwaka 1609 mjini Évora, nchini Ureno, kilipigwa chapa kitabu kinene kiitwacho Ethiopia Oriental. Aliyekiandika ni João dos Santos, padri wa shirika la Wadominiko, aliyefika Msumbiji mwaka 1586, akatumikia Sofala, kisha akaenda visiwa vya Kirimba ambavyo leo vimo katika mkoa wa Cabo Delgado. Padri huyo alikuwa na jicho la kuona mambo. Aliandika juu ya samaki na wanyama, vyakula, ndoa na mazishi ya watu aliowakuta, na humo humo akaandika juu ya bangi. Anasema watu wa bara waliipanda wenyewe, wakayakausha majani na vijiti vyake, wakavitwanga mpaka vikawa unga, kisha wakatia konzi mdomoni na kushushia maji. Aliyeizoea, anasema, aliweza kukaa siku nyingi bila chakula kingine, na aliyezidisha alilewa kama mtu aliyekunywa mvinyo.

Ukisoma maelezo hayo leo, kinachokushangaza ni utulivu wake. Dos Santos hakuwa mpole kwa mambo aliyoyaona ni dhambi. Uislamu wa watu wa visiwani aliushambulia bila haya. Bangi aliieleza kama alivyoeleza mtama na samli. Haikuwa kosa, haikuwa na faini, wala hapakuwa na ofisa aliyetumwa kuing'oa. Kutoka hapo hadi siku kijana wa Mocímboa da Praia alipoweza kupelekwa kituoni kwa msokoto mmoja ni safari ya miaka zaidi ya mia tatu, na karibu kila hatua yake iliamuliwa mahali ambapo mtu wa Ibo, Quissanga au Palma, katika pwani hiyo hiyo, hakuwa na kiti.

Hatua za mwanzo ziko Goa. Msumbiji yote, pamoja na Kirimba, ilitawaliwa kutoka Goa hadi mwaka 1752, na makamu wa mfalme wa Ureno aliyekaa huko alikuwa pia mkubwa wa nahodha wa Ibo. Katika miji ya Wareno ya Bara Hindi bangi na afyuni viliuzwa sokoni mchana, na serikali ikakodisha kwa wafanyabiashara haki ya kukusanya ushuru wake. Mwaka 1563 tabibu Garcia de Orta alichapisha hapo Goa mazungumzo yake juu ya dawa na mimea ya Mashariki, na bangi akaipa sura yake. Anasimulia kwamba watumishi wake walimwambia waliila ili wasihisi kazi, wachangamke na wapate hamu ya chakula. Anamtaja pia Bahadur Shah, sultani wa Gujarat, aliyemwambia Mreno mmoja kwamba usiku akitaka kusafiri hadi Ureno, Brazili, Uturuki na Uajemi, alikula kidogo tu. Alichokula ni maajuni, tamutamu ile ile ambayo miji ya pwani yetu iliijua kwa jina hilo hilo.

Kwa hiyo dola ya kwanza ya Ulaya kutawala Kirimba iliijua bangi vizuri, na iliishughulikia kwa ushuru. Hilo lafaa likumbukwe kila mtu anaposema kuihalalisha ni wazo lililozuka jana huko Uruguay au Kanada.

Visiwani kwenyewe mali iliyotazamwa ilikuwa nyingine. Kirimba ilisifika kwa nguo za Maluane zilizotiwa rangi ya nili, kwa pembe za ndovu, ambari na magamba ya ng'amba. Baadaye, Ibo ilipojengewa ngome ya São João Baptista mwaka 1791, mali kuu ikawa binadamu, waliouzwa kwa Wafaransa wa Mauritius na Réunion, kisha Brazili. Penye biashara ya watu hakuna aliyehangaika na mche uliootea uani.

Kaskazini ya Ibo, kwenye ghuba ya Tungi ulipo mji wa Palma leo, bendera ilikuwa ya Zanzibar. Tungi ilikuwa forodha ya kusini kabisa ya masultani wa Busaidi, na jahazi lililotoka hapo lilielekea Mikindani, Kilwa na Unguja kabla ya kufikiria Lisbon. Desturi za starehe nazo zilifuata njia hiyo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Zanzibar na bara mwaka 1857, aliikuta bangi ikivutwa kwa kiko cha maji: kifuu au kibuyu, digali iliyobeba bakuli la moto, na maji yakigugumia ndani. Aliikuta pia imepandwa karibu na nyumba huko bara. Pwani ilikuwa na hukumu yake juu ya jambo hili. Mashehe waliihesabu bangi pamoja na vilevi, na mvuta bangi hakupewa heshima barazani wala binti wa watu. Hukumu hiyo ilitolewa na jamaa na majirani, na adhabu yake ilikuwa aibu.

Februari 1887 manowari za Ureno ziliipiga Tungi kwa mizinga, na ghuba ikatoka mikononi mwa Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Wajerumani na Wareno walikuwa wamekwisha kuuchagua mto Ruvuma uwe mpaka wao. Hata hivyo Wajerumani waliichukua Kionga, upande wa kusini wa mdomo wa mto, mwaka 1894, na Wareno hawakuipata tena mpaka Aprili 1916. Watu wa pande mbili ni wale wale, Wamakwe, Wamakonde, Wamwani na Waswahili wa Mtwara, wanaooana na kuzikana. Sheria ndizo zilizotenganishwa.

Ureno iliyoitwaa Tungi ilikuwa na uzoefu mpya wa vilevi. Miaka ya 1870 iliridhia mradi wa Ignácio José de Paiva Raposo wa kulima afyuni huko Mopeia, bonde la Zambezi, ili iuzwe Mashariki. Alipewa ardhi kubwa na haki ya peke yake, na kampuni ikaundwa Lisbon mwaka 1877. Wenyeji walitakiwa kutoa kodi na kazi. Mwaka 1884 watu wa Massingire waliasi, na shamba la Mopeia likashambuliwa. Mradi haukuinuka tena. Mopeia iko mbali na Cabo Delgado, lakini naiweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ni mfano wa mapema wa serikali ya Msumbiji kutoa kibali rasmi cha kulima kilevi. Kibali kilikwenda kwa mgeni mwenye mtaji, na ardhi ilikuwa ya watu wengine.

Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, Waingereza walifanya jambo lisilo na mfano. Mwaka 1893 bunge lao liliposhinikiza bangi ipigwe marufuku Bara Hindi, ambako Bengali ilikuwa na leseni tangu 1793, iliundwa tume chini ya W. Mackworth Young. Iliwasikiliza mashahidi 1,193: mahakimu, waganga, wamishonari, wakulima, mafakiri. Ilikwenda hadi kwenye hifadhi za wendawazimu kuchunguza daftari moja moja, ikagundua kwamba wagonjwa wengi walioandikwa wameharibiwa na bangi waliandikwa hivyo bila uchunguzi wa maana. Ripoti yake ya mwaka 1894, yenye juzuu saba, ilisema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, ya kuzidisha yana madhara, na njia njema ni ushuru na leseni, si marufuku. Mimi naiona ndiyo kazi ya haki zaidi ambayo serikali ya kikoloni iliwahi kufanya juu ya bangi, kwa sababu iliwauliza waliokuwa wakiitumia. Wahindi waliokuwa na maduka Ibo na Mocímboa walitoka katika nchi yenye utaratibu huo. Hata hivyo ripoti haikuvuka bahari pamoja nao, na Cabo Delgado haikupata tume ya aina hiyo wakati huo wala baadaye.

Ilichopata ni Kampuni ya Niassa. Kwa hati ya mwaka 1891 Ureno iliikabidhi kampuni binafsi nchi yote iliyo kati ya Ruvuma, mto Lúrio, bahari na ziwa Nyasa. Kampuni ilikuwa na polisi wake, forodha yake, hata stempu zake zenye picha za twiga na ngamia. Ilianzia Ibo, kisha ikahamisha makao Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Haikuwa na mtaji wa kutosha kujenga lolote, ikaishi kwa vitu vitatu: ushuru wa forodha, kodi ya nyumba, na kuuza nguvu za watu. Asiyeweza kulipa kodi alipelekwa kazi ya lazima, na vijana wa Niassa na Cabo Delgado waliandikishwa kwenda migodi ya Transvaal mpaka Afrika Kusini ilipozuia watu wa kaskazini mwaka 1913, kwa kuwa walikufa mno. Maelfu walivuka Ruvuma kuikimbia Kampuni, na Wamakonde wengi wakaishia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Hati ya Kampuni ilikwisha mwaka 1929, na katika vijiji vya pwani iliacha hofu ya daftari.

Tawala hizo hazikukataa ulevi kama ulevi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, Msumbiji ya kaskazini ikiwemo, lakini mvinyo haukuguswa, na Ureno ilikuwa na mvinyo mwingi kuliko wanywaji. Mwaka 1902 Lisbon ikazuia pombe ya miwa iliyotengenezwa Msumbiji ili mvinyo wake upate soko kwa Waafrika. Mama aliyekamua mabibo akapata uraka alikuwa mshindani wa mkulima wa zabibu wa Ureno. Bangi nayo ilikuwa na kasoro kwa mtoza ushuru: iliota yenyewe, haikupita forodhani, na hakuna kampuni ya Ulaya iliyoiuza. Naamini hiyo ndiyo sababu haikupata hata mtetezi mmoja ilipofikishwa Geneva.

Ilifikishwa huko na Afrika. Mwaka 1923 serikali ya Afrika Kusini iliuandikia Ushirika wa Mataifa kuutaka uihesabu bangi, waliyoiita dagga, miongoni mwa dawa hatari. Katika mkutano wa afyuni wa Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama akaeleza kwa nguvu jinsi hashishi ilivyokuwa ikiwaangamiza fellahi, wakulima wa Misri. Wajumbe wengi walikuwa wamekuja kuzungumza afyuni na kokeini, na juu ya bangi hawakuwa na maarifa. Mkataba wa Februari 1925 ukaiingiza. Ureno ilitia saini huku Macau ikiendelea kupata fedha za serikali kutokana na biashara ya afyuni, jambo lililodumu hadi miaka ya 1940. Maoni ya Afrika Mashariki hayakuulizwa. Kenya ilikuwa na amri yake tangu 1913, na Waingereza wakaendelea kukaza Tanganyika na Zanzibar. Kwa hiyo mtu wa Palma, akigeuka kaskazini au kusini, alikuta kile alichokuwa nacho babu yake kimekuwa mali ya polisi.

Marufuku ya kikoloni ilikuwa ya kuchagua siku. Mtawala wa wilaya alihitaji pamba, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 ililimwa kwa kulazimishwa, na alihitaji kodi. Suruma, kama Wareno walivyoiita huko, ilimsaidia pale alipotaka sababu ya kumkamata mtu. Vita vya ukombozi vilipoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya vijana wa Ureno waliletwa Mueda na pwani. Baadhi yao waliijua suruma huko kwa mara ya kwanza, na hofu ya askari kurudi nayo nyumbani ni sehemu ya mazingira yaliyozaa sheria mpya ya dawa za kulevya ya Ureno ya mwaka 1970.

Kwa upande wa FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi, nidhamu ilikuwa kali kwa sababu nyingine, na lazima niseme naielewa. Mpiganaji aliyelewa aliua wenzake. Kiongozi wake, Samora Machel, aliuona ulevi wa aina zote kama mnyororo wa mkoloni uliobaki mwilini, na aliyasema hayo kwa moyo wote. Tatizo lilikuja pale nidhamu ya msituni ilipofanywa sheria ya nchi nzima. Tangu 1974 waliohesabiwa kuwa wahuni, makahaba, walevi na wavuta suruma walikusanywa mijini wakapelekwa kambi za kuelimishwa upya, nyingi zikiwa Niassa na Cabo Delgado, bila mahakama. Mwaka 1983 ikaja Operação Produção, iliyowasomba maelfu kwa maelfu kutoka Maputo na Beira kuwapeleka kaskazini hiyo hiyo, na mwaka huo huo viboko vikarudishwa kwa sheria namba 5/83. Mkoa ambao uliipigania nchi ukageuzwa mahali pa kutupia watu ambao nchi haiwataki. Wengi wao walikuwa hawana kosa zaidi ya kukosa kitambulisho.

Baada ya amani ya mwaka 1992 iliyomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la vyama vingi lilitunga sheria namba 3/97 ya tarehe 13 Machi 1997, ambayo ndiyo msingi wa hukumu za dawa za kulevya. Iliunda ofisi kuu ya kuzuia na kupambana na dawa hizo, ikafuata mikataba ya Umoja wa Mataifa, na suruma ikabaki ndani, kwa mlimaji, mchuuzi na mvutaji. Miaka minne baadaye, Julai 2001, Ureno iliyoleta marufuku iliacha kumhesabu mtumiaji kuwa mhalifu. Mtu akikutwa na kiasi kidogo hupelekwa mbele ya jopo la ushauri.

Mwaka ule ule sheria ilipotungwa, 1997, shehena ya hashishi ya tani kadhaa ilinaswa Quissanga, kwenye mikoko inayotazamana na Ibo. Hiyo haikuwa suruma ya wanakijiji. Ilikuwa mzigo wa kupitishwa, na nyuma yake ikaja heroini. Majahazi ya mota kutoka pwani ya Makran, kati ya Iran na Pakistani, hutia nanga mbali, mashua hushusha, na mzigo huenda kwa barabara hadi Johannesburg. Joseph Hanlon, mtafiti aliyeifuatilia Msumbiji kwa miongo mingi, alikadiria mwaka 2018 kwamba heroini inayopita ni tani 10 hadi 40 au zaidi kwa mwaka. Mwaka 2010 Marekani ilimtangaza mfanyabiashara mmoja maarufu wa Msumbiji kuwa kigogo wa dawa za kulevya. Mwaka uliofuata ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilisema haikupata ushahidi wa kutosha wa biashara hiyo. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya majahazi ikaendelea kumfikia kwa urahisi zaidi mvuvi mwenye kete mfukoni. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vijana wa Mocímboa waliona yote mawili kwa macho yao.

Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa na waasi. Agosti 2020 mji ukaanguka mikononi mwao, Machi 2021 Palma ikavamiwa, na watu karibu milioni moja wa mkoa huo wakaacha makwao. Vita hivyo havikuletwa na bangi wala heroini, na anayeeleza hivyo anakwepa kuzungumza ardhi, uvuvi, rubi na gesi. Ila viliivunja ile hukumu ya zamani ya baraza, pale mzee alipomfahamu kila kijana na kumwonya kabla mambo hayajaharibika. Katika kambi za waliohamishwa, watu wa mtaa mmoja wametawanyika, na mzee hana mtaa wa kuulinda.

Huku hayo yakitokea, majirani waligeuka. Lesotho ilitoa leseni ya bangi mwaka 2017, Zimbabwe 2018. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, nchi ileile ya barua ya 1923, iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima kuvuta na kulima kwa matumizi yake faraghani ni haki yake, na Mei 2024 Rais Ramaphosa akasaini sheria yake. Malawi ilipitisha sheria ya bangi mwaka 2020. Umoja wa Mataifa nao, Desemba 2020, uliiondoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote kwa kura 27 dhidi ya 25. Kaskazini ya Ruvuma hali ni kinyume: sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inampa mlimaji wa bangi kifungo kisichopungua miaka 30.

Maputo ikiamua siku moja kufuata majirani wa kusini na magharibi, mfano wa Malawi uko karibu, na unatisha kwa mkulima mdogo. Leseni huko zilipangiwa ada ya maelfu ya dola, na chamba ya kienyeji, ile iliyolimwa na wazee kando ya ziwa, ikabaki haramu wakati mbegu ya kigeni imepewa kibali. Tungekuwa tumerudi kwa Paiva Raposo. Cabo Delgado inajua pia namna kibali cha ardhi kinavyoshuka kutoka juu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1997 iliwapa wanakijiji haki ya ardhi waliyoikalia, lakini kwenye rasi ya Afungi karibu hekta 7,000 ziliwekwa chini ya mradi wa gesi, na familia za Quitupo zikahamishiwa Quitunda.

Utaratibu wa haki kwa pwani hii ungeanza na mambo madogo yanayowezekana: kijana mwenye msokoto asifungwe, atakayepewa kibali cha kwanza awe mkulima aliye shambani kwake, ada ilipwe kwa metikali katika ofisi ya wilaya, Palma au Quissanga, na maelezo yatolewe kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakwe na Kiswahili. Mashehe, wakunga, wavuvi na wauguzi waitwe kutoa ushahidi kabla sheria haijaandikwa, na wanaoipinga bangi kwa sababu ya dini au ya mtoto aliyeharibikiwa akili wasikilizwe kwa heshima ileile. Bara Hindi walioitwa mwaka 1893 walikuwa 1,193. Ibo, Mocímboa na Palma bado hazijaitwa.